Indiketa haiwezi kufanya kazi ya taa ya breki

Ukipita barabara kuu ya TANZAM giza linapoingia, iwe Mafinga, Makambako au Uyole, utakutana na pikipiki zisizo na taa nyekundu nyuma. Nyingine taa ilivunjwa na gunia la viazi au mzigo wa mbao, na mwenyewe hajanunua nyingine. Nyingine imeng'olewa kwa makusudi, madigadi ikakatwa ili pikipiki ionekane fupi, kisha fundi akaunganisha waya wa breki kwenye indiketa mbili za nyuma. Ukishika breki, zote mbili zinawaka.

Vijana wanauliza: si taa inawaka? Inawaka, ndiyo. Shida ni kile anachoelewa dereva aliye nyuma.

Katika barabara hii indiketa tayari ina kazi nyingi. Inaonyesha kukata kona. Zikiwaka na kuzima zote pamoja ni tahadhari. Na madereva wa malori wana lugha yao: wa mbele akiwasha ya kushoto anamwambia wa nyuma apite, akiwasha ya kulia anamwambia asubiri. Sasa ongeza na breki, kwa rangi ileile ya njano. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akijiuliza sekunde moja tu, mita hizo zimekwisha.

Pabaya zaidi ni pale bodaboda anapokata kulia kuingia barabara ya kijijini, abiria yuko nyuma. Amewasha indiketa ya kulia, kisha anashika breki. Kwa jinsi waya zilivyounganishwa, ya kulia haizimi tena. Zote mbili zinabaki zimewaka tu. Dereva wa nyuma haoni kwamba mwenzake anakata kona. Anatoka kumpita, na upande wa kupitia ni huohuo wa kulia.

Wapo watakaosema mbona Marekani yapo magari yenye taa moja ya breki na indiketa. Ni kweli, lakini taa hiyo ni nyekundu, imetengenezwa hivyo kiwandani, na usiku nyuma ya gari hakukosi mwanga hata breki isiposhikwa. Pikipiki iliyong'olewa taa, nyuma ni giza tupu hadi ushike breki. Fikiria hiyo kwenye ukungu wa Mufindi au Rungwe.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu chombo kibovu kutembea barabarani. Lakini trafiki hawako kila kona, na kwa maoni yangu wa kwanza kukataa kazi hii angekuwa fundi.

Kama hujui yako ikoje, leo jioni isimamishe nyuma yake ikielekea ukuta. Washa taa: ukuta uwe na wekundu hafifu. Shika breki ya mkono, kisha ya mguu. Kila moja iongeze wekundu huo. Ya mguu ikigoma, angalia kwanza springi ya swichi karibu na pedeli. Barabara zetu za mashimo huichomoa, na kuirudisha ni kazi ya dakika chache.