Ngome ya Michigan ilihitaji kuvamiwa pembeni

KICHAPO cha pointi 13-10 ambacho Ohio State ilipokea nyumbani kutoka kwa mahasimu wake wa jadi, Michigan, mnamo Novemba 30, 2024, hakikutokana na uhaba wa silaha. Michigan ilimkosa beki wake stadi wa pembeni, Will Johnson, aliyekuwa akiuguza jeraha. Katikati, hata hivyo, walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, majabali wasiosukumika kwa urahisi. Ajabu ni kwamba vijana wa kocha Ryan Day walizidi kuukimbiza mpira papo hapo katikati, ilhali wadakaji hodari Jeremiah Smith na Emeka Egbuka walikuwa pembeni.

Ni kweli kwamba wapinzani walinasa pasi mbili za mrushaji Will Howard, na huenda hilo liliwatia woga. Lakini katika futiboli ya Marekani, ngome ya aina hiyo hutikiswa kwa pasi fupi za haraka pembeni. Mabeki wakishasogea mbele kuzizima, mpira mrefu hurushwa nyuma ya migongo yao.

Januari 1, 2025, Smith alidaka pasi saba za jumla ya yadi 187 Oregon ilipolazwa 41-21. Katika fainali ya Januari 20, Notre Dame ilimwachia beki mmoja tu. Howard akamrushia pasi ya yadi 56, na taji likaenda Ohio State kwa 34-23.

Michigan yenyewe ilionja dawa hiyo Novemba 29, 2025, iliponyukwa 27-9 nyumbani kwake.