Pikipiki Iliyolala Nayo Ihesabiwe

Ndugu wa mmoja wetu yuko Ujerumani, anaosha magari kwenye gereji. Mwezi wa Novemba alitutumia video kwenye kundi letu. Gari la spoti, jekundu, limekaa chini kama mkeka, linaandaliwa kulala mpaka Aprili. Kule baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chuma, kwa hiyo mwenye gari halitoi tena. Linaoshwa, oili inabadilishwa, tangi linajazwa pomoni, betri inaungwa kwenye chaja ndogo, matairi yanajazwa upepo kuliko kawaida, breki ya mkono haivutwi, kisha linafunikwa shuka la kitambaa. Hata namba yake ina miezi: 04 juu, 10 chini. Maana yake liko barabarani Aprili mpaka Oktoba, na kodi na bima zinalipwa kwa miezi hiyo tu.

Tulicheka sana. Mtu akaandika, "Gari lina chumba chake, sisi tunagombania turubai." Halafu kundi likanyamaza, maana kila mmoja alikumbuka cha kwake.

Sisi ni vijana wa upande wa Palma, wa vijiji vilivyoizunguka Afungi. Machi 24, 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, wako kati yetu waliokimbilia Quitunda, wako waliopanda boti mpaka Pemba, wako waliovuka Ruvuma. Kila mmoja aliacha chombo nyuma. Cherehani, injini ya boti, jenereta ya saluni, na zaidi ya vyote mota, ndivyo tunavyoita pikipiki huku. Mota kwa kijana wa Palma haikuwa starehe. Ilikuwa inabeba abiria, inabeba samaki, inabeba mama mjamzito usiku. Iliyobaki kwenye kibanda cha makuti haikuibiwa wala kuchomwa lazima. Nyingine zilikaa tu. Na kukaa tu, jamani, kunaua.

Wenzetu wa mashirika wengi hawaujui uchungu huu, kwa hiyo tuueleze kidogo. Huku hatuna barafu, lakini chumvi tunayo bure, inakuja na upepo wa bahari mchana na usiku. Ongeza mvua za Desemba mpaka Aprili. Petroli ikikaa miezi ndani ya kabureta inageuka kama gundi na kuziba tundu lile dogo ambalo hata sindano ya kushonea ni nene kwake. Tangi lililobaki nusu linatoa jasho ndani na kuota kutu. Betri isiyochajiwa inakufa ndani kwa ndani, ukija kuichaji haipokei tena. Panya wanatafuna nyaya. Mavu wanajenga nyumba ya udongo kwenye ekzosi. Matairi yakisimama mahali pamoja bila upepo yanapasuka pembeni.

Mmoja wetu siku ile alikuwa na mota mbili, yake na ya mjomba wake. Yake aliiegemeza ukutani akakimbia, nani angemlaumu? Ya mjomba ilikuwa imelazwa tangu Januari, kwa sababu ya mvua na kwa sababu mjomba alikuwa mgonjwa. Mzee huyo alikuwa fundi wa injini za boti, na mambo yake aliyafanya kama alivyozoea kuifanyia injini ya boti. Aliiosha kwa maji ya kisima. Akafunga koki ya mafuta na kuacha injini iunguruma mpaka ikazima yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Akafungua plagi, akatia kijiko cha oili mle ndani, akapiga kiki mara tatu nne ili oili ienee, akarudisha plagi. Akatoa betri akaiweka ndani juu ya ubao. Akaisimamisha mota kwenye stendi kubwa, akaziba ekzosi kwa kitambaa, akapaka cheni grisi, akafunika kwa shuka kuukuu. Vijana walimwambia atumie nailoni, akakataa kabisa: nailoni inafungia unyevu ndani, chuma kinapikwa polepole.

Kijana aliporudi baada ya zaidi ya miaka miwili, yake ilikuwa imekwama injini, kiki haishuki hata ukisimama juu yake kwa miguu miwili. Ya mjomba kiki ilishuka. Betri ilikuwa imekufa, matairi yamekufa, lakini roho ya injini ilikuwa nzima.

Sasa tuje Afungi penyewe. Aprili 26, 2021 TotalEnergies walitangaza kisheria kwamba mambo yamewazidi nguvu, na mradi wa gesi ukasimama. Ulilala zaidi ya miaka minne, na Novemba 2025 wakatangaza kuliondoa tangazo lile. Kabla ya kuanza tena waliiandikia serikali ya Msumbiji. Katika hesabu zao, kusimama kule kumeongeza gharama kwa dola bilioni 4.5, na wakaomba muda wa mkataba usogezwe mbele miaka 10. Hatuandiki hapa kusema hesabu yao ni sahihi au si sahihi, kuna wenye kazi ya kuikagua. Tunachosema ni kwamba waliiweka mezani. Kusimama kuna gharama, nao waliiandika, wakaipeleka kwa mwenye kusikia.

Sisi tulisimama siku zile zile, kwa risasi zile zile. Hesabu yetu tumeipeleka wapi?

Tulipojaza fomu za misaada, tuliulizwa: mmepoteza nini? Nyumba, sufuria, mikeka, mbegu. Ukisema una mota nyumbani, imesimama, tayari wewe si wa kupoteza, una mali. Mmoja wetu aliandikwa hivyo, akatolewa kwenye orodha ya vifaa vya kuanzia kazi, huku mota yenyewe haijatembea tangu 2021. Mwenzake aliyesema hana kitu akapewa vifaa vya useremala. Useremala haujui. Akaviuza kwa bei ya kutupa, tena hatumlaumu, watoto wanakula.

Maoni yetu ni haya. Kaka na dada wa mashirika, ongezeni swali moja kwenye fomu: una chombo gani kilicholala, na kinahitaji nini kuamka? Mara nyingi jibu ni dogo. Betri, matairi mawili, plagi, kifaa cha kusafishia kabureta, siku mbili za fundi. Ni nafuu mbali kuliko kununua mota mpya, na mwenye nayo kazi yake anaijua tayari. Na mnapojenga makazi ya watu waliohama, wekeni banda moja la kufungwa, lenye sakafu iliyoinuka na paa lisilovuja, mtu alaze chombo chake msimu wa mvua kwa stakabadhi. Tumeona mota zimelazwa chini ya mwembe kwenye tope, zimefungwa mnyororo kwenye mti kama mbuzi. Mwizi hakuichukua, kutu ikaichukua.

Tunajua kuna watakaosema, watu wamechinjwa nyinyi mnazungumza kabureta. Mmoja wetu alisema hivyo hivyo tulipokuwa tunaandika hapa, na alizika kaka yake mwaka ule, kwa hiyo tulimsikiliza. Hatujamjibu vizuri mpaka leo. Tulichomwambia ni kwamba kaka yake alikuwa dereva wa mota, na mota ile ndiyo inayopaswa kuwalisha watoto wake sasa. Pia si kila kulala kunakuja na risasi. Kuna mvua kila mwaka. Kuna miezi ambayo wavuvi walikatazwa kwenda baharini, injini zikakaa na maji ya chumvi ndani kwa sababu kila siku watu walisema kesho tutafunguliwa. Kesho ile ndiyo inayoharibu. Yule Mjerumani anajua tarehe ya kuamka, imeandikwa kwenye namba ya gari. Sisi hatuijui, kwa hiyo ukisikia siku saba, laza kama miezi saba.

Na nyinyi vijana wenzetu, tafadhali acheni hii tabia ya kuiwasha mota iliyolala dakika tano kila Jumapili mkidhani mnaitunza. Injini haijapata moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye ekzosi na ndani ya oili, mnaiozesha wenyewe. Ama itembee safari ya maana, ama ilale sawasawa. Na msiiuze kwa mchuuzi anayekuja kusema "hiyo ni chuma chakavu". Akiisha kuinunua, mtaiona barabarani baada ya mwezi.

Ile mota ya mjomba tuliichangia plagi na petroli mpya, betri tuliazima. Jumamosi iliyopita ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweupe wa oili ya mzee, ikawaka. Mzee hakuwepo kuisikia, alifia Pemba. Matairi bado tunatafuta, na breki ya mbele imeganda. Ya kijana mwenyewe iko pale pale ukutani, tumetia dizeli na oili kwenye tundu la plagi, tunaisubiri ilainike.