UHAMISHO NA MITI YETU



Hakuna mtumishi wa Serikali asiyeijua barua ya uhamisho. Ikishafika, mtu hufunga mizigo yake, akakabidhi funguo, majalada na vyombo vya ofisi, kila kimoja kwa sahihi ya mwenye kutoa na sahihi ya mwenye kupokea. Hata kiti kibovu hakisahauliki. Lakini mti alioupanda mtaani kwa jasho lake hauna wa kukabidhiwa. Jambo hili ndilo tutakalo kulinena leo.

Sisi wakazi wa mtaa mmoja hapa Dodoma, watumishi pamoja na majirani wasio watumishi, tulipatana kwa hiari yetu kufanya shamba la matunda na bustani ya mboga katika kiwanja kilichokuwa jaa la takataka. Hakuna aliyelipwa. Tulifyeka miiba, tukachimba mashimo, tukatia samadi, na mvua za Desemba zilipoanza tukapanda miembe, mipera, mikomamanga na mipapai. Siku ile watu walikuwa wengi hata majembe hayakutosha.

Lakini Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua ikikoma mwezi wa Aprili, mche mchanga hauna tegemeo ila ndoo ya mtu, hata mvua nyingine ije. Wenzetu kadha wa kadha wakahamishwa, na sisi tuliobaki kila mmoja alidhani jirani yake amekwisha mwagilia. Kufika Septemba, miche zaidi ya nusu ilikuwa kuni. Hatuwalaumu waliohamishwa, maana amri ni amri. Twajilaumu sisi wenyewe, kwamba tuliihesabu miti siku ya kuipanda, wala hatukuihesabu siku za kiu.

Msiba huu haukuanza kwetu. Tarehe 5 Juni 1977, Bibi Wangari Maathai na wenziwe walipanda miti saba Kamukunji, mjini Nairobi, na mingi katika hiyo haikudumu. Lakini hawakukata tamaa. Chama cha Green Belt Movement, kilichotokana na kazi ile, kilikuwa kikiwapa akina mama fedha kidogo kwa kila mche uliopona, wala si kwa kila mche uliopandwa. Twaona hiyo ndiyo hesabu ya haki: mti huhesabiwa kwa kupona.

Wako wasemao, "Mimi ni mtu wa kuhama. Mwembe wa kokwa hukawia miaka mingi, na hata ule uliobebeshwa hungojewa miaka mitatu au zaidi. Nipande mimi, ale nani?" Tungependa kumwuliza ndugu huyo: ule mwembe uliokupa kivuli siku uliposhuka na mizigo yako katika kituo kigeni, aliupanda nani? Yeye naye pengine alihama kabla ya kuonja embe moja.

Basi twatoa shauri. Kwanza, shamba liwe na daftari: kila mti na namba yake, siku ya kupandwa, na jina la mlezi wake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, mlezi apatapo uhamisho, aukabidhi mti wake kwa sahihi mbele ya katibu, kama akabidhivyo ofisi. Tatu, zamu za maji zipangwe kabla ya mvua kukoma, si baada ya majani kunyauka. Kila mti ufanyiwe tuta dogo la mviringo ili maji yasikimbie, na nyasi kavu zitandazwe juu ya udongo, lakini zisiguse shina, maana mchwa hufuata nyasi. Nne, matunda yawe ya mtaa mzima, yasiwe ya aliyepanda peke yake, ili mgeni apokeaye mti asijione kibarua wa mtu aliyekwisha ondoka.

Haya hayahitaji fedha nyingi, ila uaminifu ule ule tuutumiao juu ya majalada. Miche iliyopona bado ipo, na kila mmoja wangoja jina la mlezi wake katika daftari. Mabwana na Mabibi, tuyaandike majina hayo sasa, kabla barua nyingine hazijafika.