Nyundo, Presi na Ujira wa Fundi

Miongoni mwa mabishano yasiyokwisha baina ya wenye magari ni lile la iwapo beringi za magurudumu ya mbele, zikishachakaa, mtu aweza kuzibadilisha mwenyewe uani kwake au sharti azipeleke gereji; huyu akisifu akiba ya ujira, yule akihofia kuitia mkono kazi asiyoisomea. Rai yangu ni kwamba pande zote mbili hugombea dogo zikaacha kubwa, maana beringi iliyotiwa isivyo hufa mapema, awe aliyeitia ni mwenye gari au fundi aliyezeeka katika kazi hiyo.

Yafaa kwanza ijulikane kuwa beringi si za namna moja. Magari mengi ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma yana beringi mbili kila upande wa mbele, zenye vipande vya chuma vya umbo la pia, namna ambayo Henry Timken aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1898. Hizi hufunguliwa kwa spana za kawaida, vikombe vyake vikatolewa kwa tindo na nyundo ya taratibu, zikashindiliwa grisi mpya, na nati ikakazwa kisha ikalegezwa kidogo hata gurudumu lizunguke pasipo kukwama wala kucheza. Mtu mwenye subira, aliye na jeki na stendi imara za kuliegemeza gari, kwani kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kuichezea roho, aweza kuikamilisha kazi hiyo bila msaada.

Walakini gari dogo la kuvutwa na magurudumu ya mbele, mithili ya Toyota Corolla nyingi zilizojaa barabarani mwetu, lina habari nyingine. Humo beringi ni moja kila upande, imezibwa pande zote mbili na grisi imo ndani, nayo imebanwa barabara katika chuma kinachobeba gurudumu, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikabanwa ndani ya beringi. Fundi mwenye presi, yaani mashine ya kushindilia vyuma bila kugonga, hulisafisha tundu, hutafuta pete ya chuma iliyolingana na duara la nje la beringi, kisha huishusha polepole, nguvu yote ikipita katika duara hilo. Na ifikapo zamu ya habu, huliegemeza duara la ndani kwa chini ili gololi zisibebe mzigo wa kushindiliwa. Anayegonga kwa nyundo huipitisha nguvu katika gololi zenyewe, na kila gololi huacha kishimo katika njia yake, kishimo ambacho huenda jicho lisikione, ila sikio halitakikosa. Baada ya muda si mrefu huanza mvumo kama wa ndege iliyo mbali, ukipanda kwa kadiri ya mwendo. Na gari likatapo kona ya kulia mvumo ukazidi, aghalabu mgonjwa ni gurudumu la kushoto, maana ndilo lililobebeshwa uzito. Fauka ya hayo, katika magari mengi yenye breki za ABS, upande mmoja wa beringi una sumaku inayosomwa na kihisio, na aliyeigeuza atajulishwa kosa lake na taa ya dashibodi.

Ikiwa hayo ni dhahiri, mbona nyundo ingali inatawala? Lawama kubwa, kwa insafu, ni yetu sisi wateja. Aghalabu fundi wa chini ya mwembe hana presi, naye husema kwa adabu, "Bosi, presi iko kwa jirani, nayo ina malipo yake." Mteja, ambaye asubuhi hiyo amekwisha kubishana bei ya beringi dukani, humjibu, "We gonga tu, fundi, mbona wenzako wanagonga!" Hivyo huwa tumeinunua nyundo kwa kinywa chetu, kisha tukamlaumu fundi, na tusipomlaumu yeye tukalilaumu duka kwamba limetuuzia beringi bandia. Bidhaa bandia zipo kweli, na Kenya ilizitungia sheria mwaka 2008. Lakini hata beringi halisi haistahimili kugongwa.

Njia iliyo aula, basi, ni hii: mwenye gari apendaye kazi ya mikono yake afungue gurudumu, breki na chuma kile kinachobeba gurudumu, akipeleke kwa mwenye presi, iwe Gerezani mjini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, kisha arudi afunge mwenyewe, akiikaza nati ya ekseli kwa kipimo cha mtengenezaji kabla ya kuliteremsha gari. Fundi asiye na presi naye atende vivyo hivyo pasi na haya, na malipo ya jirani yake ayataje waziwazi tangu mwanzo wa mapatano. Nasi tutoao fedha tuulize kabla ya kuuliza bei, "Utaitia kwa presi au kwa nyundo?" na jibu likiwa presi, tulipe bila manung'uniko, maana asiyetaka kuulipa ujira huo leo atalipa beringi ya pili, na ufundi wa mara ya pili juu yake.