Nakala Isiyowahi Kujaribiwa

Sibwesa haikuhama mahali pake, lakini anwani yake imebadilika. Kabla ya mwaka 2012 ilikuwa katika Mkoa wa Rukwa. Mwaka huo ukaundwa Mkoa wa Katavi. Na leo kata hiyo imo katika Wilaya ya Tanganyika, wala si Mpanda tena. Watu wa mkoa mzima nao waliongezeka kutoka 564,604 katika sensa ya 2012 hadi 1,152,958 katika sensa ya 2022. Mwalimu wa huko atunzaye orodha za wanafunzi kwa kompyuta anakabiliwa na jambo ambalo aghalabu halifundishwi: namna ya kuweka nakala ya akiba ya vitu ambavyo wenyewe si takwimu.

Mwaka 1970 E. F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alipendekeza kwamba habari zihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Juu ya majedwali hayo hujengwa vitu viwili. Faharasa hufanya kazi kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu: huiwezesha kompyuta kulifikia jina bila kupekua kurasa zote. Mwonekano ni swali lililohifadhiwa kwa jina, mathalani “wanafunzi wote wa Mkoa wa Rukwa”. Kila ufunguliwapo, swali huulizwa upya.

Kwa hiyo, anayechapa orodha itokanayo na mwonekano na kuifungia kabatini ameweka jibu na kulitupa swali. Anayenakili safu za majedwali peke yake naye amekosea, pengine zaidi. Faharasa ya kawaida ikipotea, kazi huenda polepole tu. Lakini iko faharasa inayozuia wanafunzi wawili wasipewe namba moja, na hiyo ikisahauliwa, makosa huingia kimya kimya na kugunduliwa siku ya matokeo.

Programu kama PostgreSQL zina njia nzuri. Katika nakala ya maandishi haziandiki faharasa yenyewe, bali amri ya kuijenga. Wakati wa kurejesha, majedwali huundwa, safu zikamiminwa, ndipo faharasa zikajengwa, kwa sababu kuijenga mara moja ni kazi nyepesi kuliko kuirekebisha kila safu iingiapo. Mwonekano unaotegemea mwingine husubiri zamu yake.

Wapo wapendao kunakili mafaili ya diski kama yalivyo, kwa kuwa ni haraka. Njia hiyo haifai kudharauliwa, ila ina mtego wake. Faharasa ya maneno hufuata kanuni za kupanga herufi za mfumo wa kompyuta, na mwaka 2018 kanuni hizo zilibadilika katika toleo la 2.28 la maktaba ya glibc, itumiwayo na kompyuta nyingi za Linux. Faharasa iliyohamishwa kutoka mfumo wa zamani hadi mpya huweza kudai kwamba jina lenye kistari halimo, hali limo jedwalini. Dawa ni kuijenga faharasa upya.

Hatari ya Sibwesa ni nyingine. Tuseme majedwali yamesahihishwa, na palipoandikwa Rukwa pakaandikwa Katavi. Kisha kompyuta ikaharibika, na mwonekano ukarejeshwa kutoka nakala ya zamani. Utarejea salama, wala hautalalamika. Utauliza habari za Rukwa, na watoto wa Sibwesa hawatatokea katika orodha. Hakuna safu iliyopotea. Kilichorejea ni swali la mwaka 2011, na kompyuta, ambayo ni mtumishi mtiifu kupita kiasi, imelijibu kama lilivyo.

Ndiyo maana ushauri wa “weka nakala” hautoshi, ingawa ndio unaosikika kila semina. Amri zinazounda faharasa na mionekano ziandikwe katika faili la maandishi, zitiwe tarehe, na zibadilishwe siku ileile mipaka au majina yanapobadilika. Kisha, walau mara moja kila muhula, nakala irejeshwe katika kompyuta nyingine, na wanafunzi wa kidato cha tatu wapewe kazi ya kuhesabu: wangapi wamo katika jedwali, wangapi watokea katika mwonekano, na waliopungua ni wa kijiji gani.