Tusiisingizie Vita Peke Yake

Hapa kwetu Walungu kampuni ikianguka twasikia neno moja tu: «Ni vita.» Sisi twakataa. Vita vyaumiza wote, lakini wakubwa hawaamui namna moja.

Tazameni jirani zetu wa Luhwindja. Kampuni ya Banro ya Kanada ilichimba dhahabu huko Twangiza. Mwaka 2012 wakubwa wake walikopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10. Mwaka 2013 bei ya dhahabu ikashuka, deni halikushuka. Desemba 2017 wakakimbilia mahakama ya Kanada iwakinge na wadai wao. Je, ni bunduki iliyotia sahihi mkopo ule?

Sasa tazameni Pharmakina ya Bukavu. Mwaka 1999, katikati ya vita, wakurugenzi wake Horst Gebbers na Etienne Erny waliinunua wenyewe. Kinini ikaendelea kutengenezwa, na mwaka 2005 wakaongeza dawa za UKIMWI.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi kampuni ijapo kwetu, tusiulize tu ina fedha ngapi. Tuulize: nani aamua, akaa wapi, na akikosea, nani atalipa?