Eti Ukizoea DJ Afro, Nyamaza?

Wiki iliyopita niliweka klipu fupi nikisema sioni haja ya kumsumbua Lupita Nyong'o kwa sababu ya The Odyssey, ile filamu ya Christopher Nolan iliyopangiwa Julai 2026. Kuna watu wamekasirika ati mwanamke mweusi anatafuta nini kwenye hadithi ya Wagiriki. Hadithi yenyewe ina jitu la jicho moja na mchawi anayegeuza wanaume kuwa nguruwe, lakini kinachowashinda kuamini ni rangi ya Lupita. Sawa. Hiyo si vita yangu leo. Vita yangu ni komenti moja iliyopata mioyo mingi kuliko klipu yenyewe: "Wewe ni mtu wa kibanda, umezoea DJ Afro. Muvi kama hizi wachia wenye wanaelewa."

Wenye wanaelewa. Omera, hebu tukae hapo kidogo.

Mimi ni mtu wa kibanda na sijawahi kuficha. Nimekulia Manyatta. Shilingi kumi mlangoni, benchi la mbao, mabati yanayochoma saa nane mchana, na TV moja ya mgongo mnene mbele ya watu arobaini. Filamu ni ya Kichina au ya Kihindi au ya Marekani, na juu yake kuna sauti ya mtu mmoja anayefanya kazi ya watu kumi. Anatafsiri, anaigiza wahusika wote, anampa jambazi jina la mtaani, anakuonya mapema kwamba huyu rafiki si rafiki. Akiona mazungumzo yanachosha, anayaruka na kukupa maana yake kwa sentensi moja. Hayo ni maoni kuhusu sinema, maze. Mtu anahukumu filamu ikiwa bado inaendelea, kwa ajili ya watu ambao wakiboeka watatoka nje na kesho hawarudi. Sijui mhakiki wa gazeti anayefanya kazi kwa presha hiyo.

Na si ushamba wa Kisumu. Tanzania wanamkumbuka Lufufu. Uganda, VJ Jingo na VJ Junior ni majina makubwa. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na leo Wazungu wanaitazama mtandaoni pamoja na sauti ya VJ Emmie na kelele zake zote, na wanaisifu kuwa haina mfano. Japani, enzi za sinema bubu, majumba yalikuwa na msimulizi anayesimama kando ya skrini. Waliitwa benshi, na kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Kurosawa mnampenda, mnaweka picha zake kwenye profaili. Basi kaka yake alikuwa DJ Afro wa Tokyo.

Najua mtakachosema: kopi nyingi za vibandani hazijalipiwa. Ni kweli, na sitetei hilo. Aliyetengeneza filamu ana haki ya kula jasho lake. Lakini Netflix walitupa huduma ya bure kwenye simu za Android Septemba 2021, wakaifunga Novemba 2023, na sijaona mmoja wenu akiacha kutazama. Wewe unayeshusha kutoka Telegram saa saba usiku bando ikiwa rahisi, usinihubirie.

Sasa tuje kwa hawa wenye wanaelewa. Wanaelewa nini haswa? Waulize mpangilio wa filamu za Marvel, wataupanga kama rozari. Waulize kuhusu Bangarang, kimya. Bangarang ni ya Robin Odongo. Jamaa ana digrii ya uhandisi, kazi hakuna, anaendesha boda, uchaguzi unakuja, mji unawaka, na mwisho anasakwa na polisi kwa mauaji. Kama ulikuwa Kisumu Agosti 2017, huhitaji mtu akueleze hofu hiyo inatoka wapi. Nyalenda, mtoto wa miezi sita alifariki baada ya polisi kuvamia nyumba yao usiku, na mwaka 2019 mahakama hapa Kisumu ikasema polisi wanabeba lawama. Sijasema Bangarang haina kasoro. Nimesema kama ni mbaya, tuambie ni mbaya wapi. Kusema tu "muvi za Kenya ni takataka" baada ya sekunde thelathini za trela si maoni.

Hata Lupita mnayempigania, In My Genes mmeitazama? Aliielekeza mwenyewe, 2009, kuhusu watu wenye ualbino hapa Kenya. Februari 2018 Black Panther ilipozinduliwa hapa Kisumu tulishangilia kwa sababu binti ya gavana wetu yuko Wakanda. Kazi aliyoifanya nyumbani kabla ya Wakanda haina mashabiki.

(Ndio, niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Asante kwa aliyekumbusha kwenye komenti ya pili.)

Mnadhani haya ni mambo madogo, na ndio maana nataka niwatajie Darwin's Nightmare. Ni ya 2004, ya Hubert Sauper kutoka Austria. Alirekodi Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili hili. Inaonyesha mbuta, au sangara kama wanavyomwita kule, minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya, wenyeji wakibaki na vichwa na mifupa, na inadokeza kwamba ndege hizo huja Afrika na silaha. Iliteuliwa kwa Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akatoka hadharani kuilaumu, lakini dunia ilikuwa imeshatazama na kuondoka na picha yake ya ziwa letu.

Sisi je? Pale Obunga kuna kina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa inayobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu. Filamu ile inawahusu kuliko inavyomhusu profesa yeyote. Mama wa Obunga anajua bei, anajua nani anatajirika, anaweza kukuambia Sauper alisema kweli wapi na wapi alitia chumvi. Lakini hawezi kubisha wala kukubali mpaka mtu amtafsirie Kiingereza na kile Kirusi cha marubani. Nani atafanya hiyo kazi? Si wewe na maandishi yako madogo chini ya skrini. Ni msimulizi wa kibanda, yule mnayemcheka.

Kwa hivyo komenti ziko wazi. Sitaki nyota ngapi kati ya tano. Nitajie filamu moja kutoka upande huu wa ziwa uliyoitazama mpaka mwisho, na uniambie ni wapi ilikukera. Bwana wenye wanaelewa, nakungoja wewe kwanza.